Saa ya Misa Ndani ya Kompyuta

Saa ya ukutani kwa mama Émérance iko mbele saa nzima, na majirani wote huko Kituku wanajua. Ameiweka hivyo makusudi, asichelewe misa ya kwanza. Ukimuuliza saa, atakusomea ya ukutani kisha akuachie kutoa hiyo saa moja mwenyewe. Mkaidi wa kupendeza, huyu mama.

Kazi yake ni kuandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi wakati wa kukimbia vita. Kila Ijumaa huyatuma Butembo kwa Sikuli, mwenzake anayewatunza watoto wasio na mtu, kwa programu inayoficha nani anatuma na kutoka wapi. Aliwaapia akina mama kwamba jina la mtoto halitapita njia ya wazi.

Ijumaa moja Nyiramahirwe alikuwa ameketi kando yake, ametoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya kwa miguu. Mwanawe Mahoro, wa miaka sita, alikuwa kwenye orodha, na kesho yake asubuhi Sikuli angewahamishia mbali watoto ambao hawajatambuliwa. Programu ikakataa kuunganisha. Pale inapoandika kila inachofanya, mstari mmoja ulianza na neno la onyo.

Émérance akachomoa modemu.

«Maadui wametuona,» akasema, akataka kuifuta orodha yote.

«Mama Émé, soma kwanza mpaka mwisho,» Nyiramahirwe akamsihi. «Miye sina fasi ingine ya kuenda.»

Maneno hayo yalimchoma. Akavaa miwani, akafungua kamusi yake ya Kiingereza, akaufasiri mstari neno kwa neno. Hakukuta adui humo. Saa ya mashine hii iko mbele dakika sitini, mstari ulisema. Programu haiwezi kufanya kazi bila saa ya kweli.

Akageuka polepole kuutazama ukuta. Jumanne betri ya kompyuta ilikufa, na alipoiwasha tena aliipanga saa kwa mkono, akiifuata ile ya ukutani.

«Machine inasema nini?» Nyiramahirwe akauliza.

«Inasema saa yetu ni ya uongo.»

«Lakini ile ni ya misa!»

«Eeh, njo ile ya misa,» Émérance akakubali.

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Émérance akairekebisha kompyuta (ya ukutani hakuigusa), akachomeka modemu, na orodha ikaenda. Wakangoja.

Sikuli akajibu: Mahoro yuko hapa, kesho hapandi gari. Anauliza mama yake anakuja lini.

Émérance akainua macho amuulize. Nyiramahirwe alikuwa amekwisha kusimama, anafunga kitenge.