Frigo ya Kabambare

Mwamvita alikuwa fundi wa redio pale Kasongo, katika kibanda alichoachiwa na baba yake nyuma ya soko. Alisomea elektroniki Bukavu, akarudi kabla ya kumaliza kwa sababu baba alipooza, na hakuondoka tena. Wenye pikipiki walimletea simu zao, misikiti ilimletea vipaza sauti. Hakuolewa. Ndugu alikuwa naye mmoja tu, mdogo wake Zamuda, aliyeolewa Lusangi na mkulima anayeitwa Moussa.

Kazi aliyoipenda kuliko zote alipewa na kituo kimoja cha afya huko Kabambare. Walikuwa na frigo, jokofu la chanjo linaloendeshwa kwa nguvu za jua, na muuguzi wao, Mama Marcelline, alitaka chombo cha kumwonyesha joto la ndani bila kufungua mlango, kilie joto likizidi. Mwamvita alinunua kipimajoto kidogo cha waya, akakiunga na kikompyuta kinachotosha kiganjani, programu akaiandika mwenyewe, isome joto kila baada ya saa sita ili kutunza betri.

Kipimajoto cha namna ile hakisemi “nne”. Kinatuma jozi mbili za alama, tarakimu zimechanganyika na herufi, na ni kazi ya programu kuzigeuza kuwa nyuzi. Kwa hesabu ya kompyuta 00 28 ni arobaini, na kwa kuwa kinahesabu sehemu za kumi, hizo ni nyuzi nne kamili. Waya ulipolegea kilituma FF FF, na skrini ikaonyesha nyuzi elfu sita na zaidi, joto la kuyeyusha chuma. Mwamvita alicheka peke yake, akaongeza mstari mmoja: namba za kipuuzi kama hizo zitupwe, skrini ibaki na ile ya mwisho inayoaminika. Akakijaribu ndani ya kikombe cha maji ya barafu. Kikashuka mpaka sifuri, kikatulia hapo. Aliridhika.

Kule Kabambare walimsifu. “Chombo yako iko muzuri sana, dada,” Mama Marcelline alimwambia kwa simu. “Ni nne tu, asubuhi na magaribi. Haitikisike.”

Zamuda aliposhika mimba, Mwamvita ndiye aliyemhimiza. “Enda Kabambare wakupige sindano ya pepopunda, itakinga na mutoto. Ile frigo yao ni mimi naichunga. Usiogope.” Zamuda akaenda, akarudi tena kwa sindano ya pili, amekaa nyuma ya baiskeli ya Moussa.

Mtoto alizaliwa nyumbani kwa sababu mvua ilikuwa imekata njia. Alikuwa wa kiume. Alinyonya vizuri mwanzoni, kisha mdomo ukakataa kufunguka.

“Yaya, mutoto hanyonyi,” Zamuda alimpigia dada yake simu, akimwita yaya kama wanavyowaita dada wakubwa huko. “Anakaza mwili kama muti. Nikimugusa, anakaza zaidi.”

Mwamvita alipopata pikipiki na kuvuka matope hadi Lusangi, walikuwa wameshamzika. Wanawake walisema ni mapenzi ya Mungu. Wengine walinong’ona juu ya kisu kilichokata kitovu. Mwamvita alikaa mkekani na mdogo wake mpaka matanga yakaisha. Alijiuliza pepopunda ile ilipitia wapi, na mama alikuwa amechanjwa.

Majuma kadhaa baadaye Mama Marcelline alipiga simu tena, na safari hii sauti yake ilikuwa nyingine. “Mwamvita, chombo inasema nne. Lakini nimefungua frigo, chupa ya maji imekuwa jiwe.”

Alikwenda. Alichomeka kompyuta yake kwenye kile chombo na kuangalia alama zinazotoka kwenye kipimajoto kabla programu haijazigusa. FF EC. FF EC. FF EB. Alielewa akiwa bado amesimama. Kipimajoto kilikuwa kinasema ukweli: nyuzi mbili chini ya sifuri. Lakini yeye katika programu aliitangaza namba ile kuwa ya aina isiyojua kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo ikageuka kuwa elfu sita na mia tano, ikatupwa kama takataka, na skrini ikaendelea kuonyesha nne iliyosomwa kabla baridi haijashuka. Maji ya barafu yasingeweza kumfumbua macho, maana hayashuki zaidi ya sifuri.

“Tangu siku gani?” Mama Marcelline aliuliza.

“Sijui. Zote nilizitupa.”

Muuguzi alichukua kichupa cha chanjo ya pepopunda, akakitikisa, akakiweka mezani. Chanjo isiyoganda hubaki nyeupe kama maji ya mchele kwa muda mrefu. Hii ilijitenga upesi, mashapo yakazama, juu yakabaki maji matupu.

“Baridi imeiua,” alisema. Kisha akakaa juu ya katoni. “Na wamama wote niliowapiga?”

Kusahihisha programu kulitaka neno moja tu. Mwamvita alilibadilisha, akajaribu upya kwa barafu iliyotiwa chumvi nyingi, akaona alama ya kutoa ikitokea mbele ya namba.

Akirudi alisimama Lusangi. Zamuda alikuwa anamenya mihogo. Mwamvita alimweleza yote bila kuficha.

“Kama dawa ingekuwa nzima,” Zamuda aliuliza, “angeishi?”

“Sijui. Pengine ni kisu. Pengine frigo iliganda wakati wewe ulikuwa umeshapigwa. Hakuna mutu anaweza kujua.”

“Lakini ni wewe uliniambia nisiogope.”

“Ni mimi.”

Zamuda aliweka kisu ndani ya beseni. “Enda, yaya. Sina hasira. Lakini leo usilale hapa.”

Chanjo mpya zilipofika, Mwamvita alifunga kibanda na kumfuata Mama Marcelline kijiji kwa kijiji, amebeba sanduku la baridi. Kila walipokusanya wanawake, alisimama mbele yao na kusema kwa kinywa chake kwamba chombo kilichodanganya kilikuwa cha kwake. Wengine walimtukana. Mmoja alimtemea mate. Wengi walinyoosha mikono, wakachanjwa upya.

Huko Lusangi Zamuda alikuja na wenzake. Alipigwa sindano, akakandamiza pamba, akamsalimia dada yake kama anavyosalimiwa mgeni aliyetoka mbali. Kisha akashika njia ya nyumbani. Mwamvita alimtazama mpaka akapotea nyuma ya mihogo, akafunga sanduku na kupanda pikipiki, maana kulikuwa na vijiji vingine vinavyowangoja.