Miguu ya Mzee Omari

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, nilikuwa na miaka kumi na tisa, na banda la video pale Msambweni lilikuwa limetuonyesha filamu ya mzee wa kung fu anayepigana akiwa amelewa. Anayumba, anajikwaa, adui anarusha ngumi inapita hewani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na rafiki yangu Suleimani alicheka kuliko sote.

Tulipotoka, nikaanza kumwiga yule mzee barabarani, chupa tupu ya maji mkononi. Watu wakajaa. Mara akatokea Mzee Omari, baba yake Suleimani, fundi wa kuezeka makuti kwenye mapaa ya hoteli. Mwaka ule hoteli za Diani zilikosa wageni, kazi ikamkaukia, naye akazoea kulewa pombe ya mnazi. Alikuwa anayumba kwelikweli. Nami, sijui shetani gani alinipanda, nikamfuata nyuma hatua kwa hatua, watu wakaangua kicheko.

Suleimani akaja akaokota ndara ya babake iliyochopoka mguuni, akamshika mkono, wakaondoka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikapiga hatua mbili zaidi, maana watu walikuwa bado wanacheka.

Tangu hapo Suleimani hakuitikia salamu yangu. Siku ya tatu asubuhi nikashindwa kuvumilia, nikaenda kwao. Nikamkuta baba mtu uani akishona makuti.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Nilikuona siku ile," akasema bila hasira. "Unaiga vizuri. Ila wewe ukichoka kuyumba, unasimama wima. Mimi nataka, mwanangu, na siwezi. Radhi kamwombe Suleimani. Yeye ndiye anayenishika mkono."

Nililia palepale mbele yake, kijana mzima na ndevu zangu.

Suleimani alinisamehe, lakini baada ya miezi, na kwenye banda la video hatukukaa benchi moja tena. Hilo linaniuma hadi leo.

Sikukatazi kucheka, mwanangu. Filamu zile bado nazipenda, na magoti yakikubali nitakuonyesha mtindo wenyewe. Lakini kabla hujamwiga mtu, tazama kwanza ni nani atakayeinama kuokota ndara yake. Mungu akujaalie marafiki wa kucheka nao, na siku mtu akianguka mbele yenu, akujaalie uwe wa kwanza kuinama. Amina.