Waya wa Lumir Sedlacek

Dada yangu Vlasta alimpinga mumewe mezani mara moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa, mbele ya baba mkwe. Alisema waya wa kona waliyoijenga asubuhi umefungwa kinyume. Mzee Sedlacek, aliyemfundisha Lumir kazi hiyo, akaweka uma chini, akatoka, na kwa siku kumi na moja hakugusa chakula alichopika dada. Siku ya kumi na mbili dada akaomba radhi kwa habari ya waya, na mzee akala.

Kona ya ua wa seng'enge ni nguzo mbili zenye boriti iliyolazwa juu kati yake, na waya mmoja unaokatiza mshazari. Waya huo hutoka chini ya nguzo ya kona kwenda juu ya nguzo ya pili. Ukianzia juu ya nguzo ya kona ukashuka chini ya ile ya pili, umefunga pambo. Ua ukivutwa, waya unalegea, kona inainama taratibu, na ng'ombe wanahamia kwa jirani. Akina Sedlacek waliufunga kinyume, baba na mwana, kwa imani ambayo hata kanisani sijawahi kuiona.

Kila Alhamisi Lumir alikwenda mnadani, na kila Alhamisi dada alichukua koleo la waya akaenda kufunga upya. Kukagua ua kulikuwa kazi ya dada, kwa hiyo Lumir hakuwa na sababu ya kurudi kutazama. Yeye akimaliza kona, amemaliza. Kona zikasimama miaka nenda rudi, jina lake likavuma, majirani wakamwita awajengee. Kila alikojenga, Alhamisi iliyofuata dada alifika na sinia la kolachi, maandazi yenye plamu katikati, akanywa kahawa na mama mwenye nyumba, kisha akatoka kunyoosha miguu, koleo likiwa mfukoni mwa aproni. Wake wa bonde zima walijua. Waume zao walikuwa mnadani.

Mimi jambo hilo lilinikera. Nilimwambia anatoa jasho lake mtu mwingine anavalishwa koja. Akaniambia kama sina kazi, matango yanataka maji.

Basi mwaka themanini na tatu chama cha wakulima kikamwomba Lumir awaonyeshe vijana kazi ya kona, Jumamosi moja ya Juni, uwanjani, na trekta la kuijaribu likiwapo. Lumir alikuwa na miaka sitini na minane, na hakuwa na kingine cha kusifiwa. Akanunua shati jipya. Wiki ile dada alifungua kinywa mara nyingi amwambie, na kila mara akaishia kumuuliza kama aongezwe kahawa. Lumir alikunywa kahawa nyingi sana wiki ile.

Walikuja watu arobaini. Lumir akaeleza vizuri, kisha akafunga waya kinyume. Wanawake wa mstari wa mbele wakaanza kukagua viatu vyao. Trekta likavuta, waya wa mshazari ukalegea kama kamba ya kuanikia nguo, na kona ikainama mbele ya bonde zima. Lumir akasema udongo wa hapa una maji. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Aprili.

Dada akasimama. "Hiyo ndiyo mbaya," akawaambia watu. "Lumir alitaka muione kwanza inavyoshindwa. Sasa anawafungia nzuri."

Trekta likarudi nyuma, nguzo zikanyooshwa na kushindiliwa. Dada akamwekea mumewe ncha ya waya mkononi, na kwa ncha ya kiatu akagusa chini ya nguzo ya kona. Lumir akakitazama kile kiatu kwa muda mrefu. Kisha akapiga magoti akafunga pale. Akausokota waya kwa kijiti mpaka ukalia, na trekta likavuta hadi magurudumu yakachimba nyasi. Kona haikusogea. Watu wakapiga makofi.

Tulirudi watatu kwenye pikapu, mimi nimebanwa katikati. Tukaenda maili nane.

"Ngapi?" Lumir akauliza.

"Zote. Isipokuwa ya Zikmund."

"Ya Zikmund ina nini?"

"Simpendi Zikmund."

Lumir akabadilisha gia. "Ile imelala kabisa. Nilimwambia ni udongo."

"Najua."

Tukaenda maili nyingine.

"Na za baba?"

"Nilianza na hizo," dada akasema. "Siku moja alinikuta."

"Akasemaje?"

"Alinishikia kijiti mpaka nikamaliza. Halafu akaniomba nisikwambie. Alisema wewe ulimwamini, na kwamba hana uso wa kukwambia."

Miaka yote ile nilikuwa na la kumwambia Lumir siku mambo yakifichuka, na nilikuwa nimelipanga vizuri. Sasa nilimwonea huruma tu. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele. Tulifika kwenye lango lao, akalipita kana kwamba halioni, akaendelea mpaka darajani, na dada akamwacha aendeshe.