Matonge Mawili ya Mama

Miaka ya sabini nilikuwa chuoni nikisomea baiolojia, na kazi yangu ilikuwa kuwapimia chakula panya weupe. Mwalimu aliwachoma sindano ya kemikali iliyotolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Panya mwenye njaa alikikimbilia chakula, akala kidogo, akaacha, akajisafisha masharubu, akalala. Kemikali hiyo ya utumbo ilikuwa imeupa ubongo habari ya shibe ilhali tumbo lilikuwa karibu tupu. Niliyaandika hayo kwa mwandiko mzuri.

Likizo nilimkuta mama, nyumbani Kagerankanda, amekonda sana. Kwetu mama mkwe ndiye humega tonge la kwanza la ugali wa mkamwana wake. Akiuacha, nyumba nzima huelewa kwamba hamwamini mpishi. Mama alimega matonge mawili, akasukuma sahani.

“Nimeshiba, wanangu.”

“Umeshiba nini, mama? Upepo?” kaka alifoka, kisha akamgeukia mkewe. “Umemwekea nini humu?”

Mkewe alinitazama. “Wifi, wewe umesoma. Waambie basi.”

Nilimwambia wifi, kwa upole niliojivunia, apumzike, ningepika mimi. Asubuhi alifunga kanga zake, akapanda lori la tumbaku kwenda kwao Kitahana.

Mchana nilisonga ugali wa muhogo, nikaunga maharage. Mama akamega matonge mawili. Akajifuta midomo, akajilaza mkekani, uso wake mtulivu. Nikabaki na mwiko mkononi. Hata leo sijui kama ni kemikali ileile, lakini nilijua kwamba mama alikuwa akisema kweli.

Hospitalini Kasulu daktari alikuta uvimbe tumboni.

Nilimfuata wifi Kitahana. Alikuwa akimenya mihogo, wala hakuacha.

“Nimekuja kukuomba radhi.”

“Kaka yako amekutuma?”

“Hapana.”

“Ungesema siku ile, wifi, mbele yao. Hapa anakusikia nani? Hii mihogo?”

Nilirudi peke yangu. Kaka aliponisikiliza alilia, akasema atakwenda kumchukua mkewe, mama akipata nafuu. Nafuu haikuja. Siku ya mwisho mama alinishika kidole.

“Hajarudi? Mwambieni sikukikataa chakula chake.”

“Yuko njiani, mama,” nilisema, naye akatazama mlangoni mpaka macho yakachoka.