Pilau ya Mkutano wa Mwisho

Uchaguzi wa mwaka wa sabini na tisa, Muhiba alipotangaza kwamba anagombea udiwani, na kwamba udiwani kwake ni ngazi tu, anachokitaka ni umeya wa Nairobi nzima, watu wa mtaa wetu wa Mbotela walicheka mpaka wakashika mbavu. Si kwamba hawakuwahi kuona meya mwanamke, walimwona. Ila meya mpishi? Mtu aliyewapikia harusi zao zote, anayenukia bizari kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili? Lo! Wakamwita Meya wa Masufuria, na yeye akaitikia. "Naam, ndiye mimi. Mna shida gani?"

Hakuwa na haya hata chembe, mama huyo, na mimi ndiyo maana nampenda. Kila jioni alisimama karibu na mfereji, pale akina mama wanapopanga ndoo, akaanza. Alisema huku kwetu Eastlands si bweni la kulala watu wanaokwenda mjini kuwafulia wenzao. Ni mji. Na mji una soko lenye paa, muuza mboga za sukuma asinyeshewe. Una zahanati ambayo uchungu ukimshika mwanamke usiku, haimwambii angoje kuche. Una taa barabarani, na maji kwa kila nyumba nne, si mfereji mmoja wa kugombaniana kama kuku. "Kodi tunalipa," alisema. "Basi na sisi tuhesabiwe watu!"

Aliyekalia kiti cha udiwani ni Jumbe, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu Jumbe na mume wa Muhiba, Idarusi fundi cherehani, ni watoto wa ndugu wawili. Miaka yote mikutano ya Jumbe ilimalizika kwa pilau, na pilau hiyo aliipika Muhiba. Wiki ya kura Jumbe akaja nyumbani kwao, kanzu nyeupe pe, akaketi kwenye kochi, akanywa kahawa, kisha akasema kwa sauti ya kutosha majirani wasikie:

"Shemeji, siasa ni siasa, undugu ni undugu. Pilau ya mkutano wangu wa mwisho ni yako kama kawaida. Au ukoo umeshaukana?"

Mwone huyo! Alijua anachofanya. Akikataa, Muhiba atasemwa kwamba amevunja ukoo kwa ajili ya kiti. Akikubali, mtaa mzima utamwona kainamia moto wa mpinzani wake, jasho linamtiririka, na kura zake zimekwisha. Idarusi akatazama miguu yake mwenyewe.

"Mke wangu, mpikie tu yaishe."

"Nitapika," Muhiba akasema.

Jecinta, muuza mboga aliyekuwa akimpigia kampeni nyumba kwa nyumba, alimlilia Muhiba kwa hasira. "Mama Lela! Tumechoka miguu kwa ajili yako, nawe unaenda kumpikia?"

"Nyamaza, Jecinta. Nimesema nitapika. Sijasema nimeshindwa."

Akapika. Jamani, alipika! Mwingine angelipua kazi makusudi, Muhiba hakulipua. Nyama ililainika, mchele ukachambuka punje kwa punje, harufu ikafika mpaka Jogoo Road. Na kwa desturi yetu aliyepika ndiye anayepakua, kwa kuwa yeye ndiye anayejua nyama iko kiasi gani na masinia ni mangapi. Hotuba zikaisha, watu wakaketi chini wanne wanne, Muhiba akashika upawa. Kila sinia lilipomfikia akaweka wali, akaweka nyama ya watu wanne, akasema bila kupunguza sauti:

"Karibuni, kuleni mshibe. Alhamisi kura ni kwenye birika."

Birika ndiyo iliyokuwa alama yake ya uchaguzi. Kicheko kikaanza safu ya mbele, kikatembea mpaka nyuma. Jumbe akashuka jukwaani mbio, kanzu kaikusanya mkononi.

"Shemeji, unanifanyia nini mbele za watu?"

"Nakupakulia, shemeji."

"Nilikuita upike!"

"Nimepika. Kunyamaza hukuniomba, na ungeniomba ningekukatalia palepale kwenye kochi."

Jumbe akampokonya upawa. "Toka! Nitapakua mwenyewe!"

Hapo ndipo alipojimaliza, maskini. Muhiba akakaa pembeni, akajifuta jasho kwa pindo la leso. Jumbe akapakua. Masinia ya wapambe wake waliokaa mbele akayaongezea nyama mpaka ikamwagika. Ya matajiri wenye maduka, vilevile. Alipofika katikati akaanza kuisaka nyama kwa upawa, akikwangua huku na huku, hana anachopata. Wali nao ukapungua. Watu wa nyuma, wale wa nyumba za mwisho ambao kila kitu huwafikia mwisho, wakaletewa ukoko.

Mzee Gedi, bawabu wa ghala moja kule Industrial Area, akainua kipande cha ukoko juu watu wakione.

"Diwani, miaka mitano tunangoja zamu yetu. Ndiyo hii?"

Safari hii hakucheka mtu. Watu wakainuka, wakajipangusa mavumbi, wakaondoka wakinung'unika, na wapambe walioshiba hawakujua waangalie wapi.

Alhamisi wakapiga kura. Na walioambulia ukoko, wallahi, walikuwa wengi mno kuliko waliokula nyama. Muhiba akawa diwani.

Jumbe akaja kumpa mkono, maana uungwana anao kidogo. "Umenishinda kwa sufuria, shemeji."

"Sufuria iliwatosha watu wote, shemeji," Muhiba akamwambia, mkono hajauachia. "Wewe ndiye uliyepakua."