Tindo ya Tupa Kuukuu

Mama yangu hununua chuma kwa macho na masikio. Kwenye lundo la vyuma chakavu huokota kipande, hukigonga, kisha hukigusisha kwenye mashine ya kunolea na kutazama cheche. Zikiruka ndefu bila kupasuka, chuma hicho ni laini mno, anakitupa. Muuzaji humtania kwamba hata mchumba hachunguzwi hivyo.

Ana sababu. Miaka ya nyuma kichwa cha tindo, patasi ya kukatia chuma, kilipasuka chini ya nyundo, na kibanzi kikamtoa baba jicho. Watani wakamwita Taa Moja, naye hucheka kabla yao. Mama hacheki.

Siku moja baba mdogo aliingia karakanani kwetu na tindo mpya, ameifua mwenyewe kutokana na tupa kuukuu, kile chuma chenye meno cha kunolea. Aliisifu kwamba haibonyei, ameizamisha majini ikiwa nyekundu ili iwe ngumu, ncha hadi kichwa. Baba hapendi kumvunja mdogo wake moyo. Akaichukua, akaisimamisha juu ya pau ya chuma tuliyotaka kuikata. Baba mdogo akanyanyua nyundo.

"Ngojeni kwanza," mama alisema.

Akapitisha tupa nyingine juu ya kichwa cha ile tindo. Iliteleza, haikung'ata hata kidogo; kichwa kilikuwa kigumu mno. Alieleza kwamba chuma cha tupa ni cha kukwaruza, si cha kupigwa. Tindo hutoka kwenye springi ya gari, na kichwa huachwa laini ili kibonyee badala ya kupasuka. Baba mdogo alinuna, akasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baba naye akaomba tujaribu pigo moja tu, yaishe. Alidhani ana jicho la akiba?

Mama aliichukua nyundo mkononi mwa baba mdogo.

"Sawa. Shika wewe, shemeji. Mimi nitapiga."

Mbele yetu sote angerudije nyuma? Aliishika. Mama alinyanyua nyundo juu ya bega, na mimi nilimjua, huwa hatanii. Nyundo ilibaki juu.

"Mbona umefumba macho?" mama aliuliza.

Baba mdogo aliyakaza zaidi.

"Umeyafumba yote mawili," mama alisema, akiishusha nyundo polepole. "Kaka yako analo moja."

Baba mdogo aliweka tindo chini, akatoka kwenda kutafuta springi kwenye lundo. Baba alivuta stuli akaketi, kiganja kimefunika jicho lililobaki.