Gari la Dizeli na Mlima wa Kwale

Ipo siku moja ninayoikumbuka sana, mwanangu Saidi, na tangu jana uliponieleza habari za hilo gari lako sijaacha kuifikiria. Kaa nikusimulie. Simu hiyo itie mfukoni, wageni wako wa hotelini watangoja.

Nilikuwa kijana wa rika lako, tumepanga chumba Ukunda, na mama yako alikuwa na mimba yako. Kazi yangu ilikuwa kununua mboga Kwale na kuziteremsha Diani, nikawa nimechoka kubembeleza magari ya watu. Nikasikia kuna Mzee Hamadi wa Galu anauza pikapu yake ya dizeli kwa kuwa amepata gari jipya. Nikamwendea asubuhi, pesa nimezifunga kwenye leso ya mama yako. Nikaliwasha gari lake, nikalizungusha barabara ya Diani, likaenda laini kabisa. Barabara yenyewe unaijua, ni tambarare tupu. Hata punda mgonjwa angejisifu pale.

Nikanyoosha mkono, nikingoja aseme "nimekuuzia" nami niseme "nimekubali," kama tunavyofunga biashara sisi. Mzee akaurudisha mkono wake nyuma.

"Bado," akaniambia. "Umeliona likitembea, hujaliona likipanda. Twende Kwale."

Nilikasirika, sikufichi. Nilidhani amepata mnunuzi mwingine anataka kunichosha tu. Lakini mkubwa akishasema, utafanyaje? Nikaingia. Basi tulipoanza mlima, sindano ya joto nayo ikaanza kupanda, na kabla hatujafika juu mvuke ukawa unafuka mbele. Akaniambia niegeshe kando. Tukashuka, yeye akaketi kwenye jiwe, ametulia zake, mimi nimevimba.

"Hili ndilo gari ninalokuuzia," akasema. "Mlimani linachemka. Mafundi wamelishika mpaka wamekata tamaa. Ukilitaka, nitakupunguzia bei na nitakufundisha kuishi nalo. Ukilikataa, sina kinyongo nawe."

Nikamwuliza kwa nini hakunyamaza, maana mimi nilikuwa nimeshalikubali.

"Umeniambia mkeo ni mjamzito," akanijibu. "Siku ukikwama naye hapa utanitaja mimi, na Mwenyezi Mungu atakuwa anasikia."

Nikalinunua pale pale kando ya barabara. Akanifundisha nisitoke bila dumu la maji, nisimame mapema na nisingoje lichemke, na nisithubutu kufungua kifuniko cha rejeta likiwa na moto. Nilimsikiliza kama nilivyokuwa nikimsikiliza maalimu wangu wa chuo cha Kurani.

Masika yalipoingia, mvua ikaikata njia ya kwenda hospitali ya Msambweni, na siku hiyo hiyo mama yako akashikwa na uchungu. Hospitali iliyobaki ilikuwa Kwale, yaani mlima ule ule. Nikasimama njiani nikaliacha lipoe, mama yako ananitolea maneno ambayo hata leo siwezi kuyarudia mbele yako, nami macho yangu kwenye sindano. Niliogopa, mwanangu. Kama nisingelijua gari lile ningelikanyaga mpaka injini ife, na sijui ningewapoteza wangapi. Tulifika. Ulizaliwa mchana ule, na kelele ulizoanza nazo hujazipunguza mpaka leo.

Sasa wewe unahamia gari la umeme. Hongera, mimi sina neno nalo, halinuki wala halingurumi, na wageni watalipenda. Neno langu ni hili la dizeli unaloliacha. Jana uliniambia, tena unacheka, kwamba ukiteremka Kwale breki zinapata moto na kulegea, na kwamba Juma wa Kinondo akija kulijaribu utamzungusha huku huku Diani kwenye tambarare. Juma huyo analitaka la kuwateremsha watoto wa shule kutoka Kwale. Unalijua hilo, ndiyo maana ulipomaliza kucheka ulitazama chini. Unaogopa atashusha bei na pesa za gari la umeme zisitimie. Zisitimie basi. Utangoja.

Nasaha yangu ni hii. Juma akifika, kabla hajagusa usukani, mwambie habari za breki kwa mdomo wako. Mwite fundi afungue magurudumu mbele yake, aone kwa macho yake. Zikitengenezeka, zitengenezwe kwanza, ndipo umpe mkono na umwambie umemwuzia. Zisipotengenezeka, gari hilo lisirudi barabarani kwa jina la mtu yeyote. Livunje uuze vipuri, injini mpe mkulima akapampie maji, bodi ichukuliwe na wa vyuma chakavu. Mafuta machafu usiyamwage mchangani, visima vyetu ni vifupi na sote tunakunywa humo. Na ukiuza, hakikisha karatasi za gari zimebadilishwa jina, usije ukaitwa polisi kwa gari lisilo lako.

Nenda, mwanangu, radhi zangu unazo. Mungu akujaalie hilo gari jipya liwe la heri, akupe riziki ya halali usiyoionea haya. Na siku utakapopishana na Juma barabarani, amejaza watoto wa watu, akujaalie uweze kumpungia mkono huku unamtazama usoni. Amin.